Laptopu ya saiba yaganda kila baada ya dakika chache: RAM nimeongeza, nimefomati, diski nimebadilisha, bado!

BintiTononoka (mwenye uzi), Jumapili saa 3 usiku

Assalaam aleikum, na wengine habari zenu. Nimechoka wallahi, naomba mnisaidie kabla sijaitupa hii laptopu Tudor Creek.

Nina kisaiba kidogo hapa Mombasa, Majengo, kaduka ka intaneti na kuchapa, mashine tatu na printa moja. Mashine kubwa ndiyo hii laptopu, ex-UK, i5 ya kizazi cha nane. Miaka miwili imenifanyia kazi bila maneno. Tangu upepo wa kusi uanze mwaka huu imekuwa na tabia moja: naandika barua ya mteja, ghafla kila kitu kinasimama. Mshale wa mausi unakwenda vizuri tu, lakini ukibofya ni kama wabofya ukuta. Nusu dakika hivi, wakati mwingine zaidi, kisha inarudi kwa pupa. Yote niliyobofya yanafunguka kwa pamoja, kama watu wa feri ya Likoni mlango ukishuka. Baada ya dakika kumi, tena.

Nimeenda kwa fundi mara tatu. Mara ya kwanza akasema RAM, ile kumbukumbu ya muda, ni ndogo, akaitoa kutoka GB 4 hadi 8. Ikawa sawa siku mbili, ikarudi. Mara ya pili akafomati, jioni ile ile ikaganda mbele ya mteja. Mara ya tatu akasema diski imekufa, akatoa ile ya zamani ya kuzunguka akaweka SSD, zile mpya zisizozunguka, ya GB 256. Nikafurahi, inawaka haraka mpaka nikamwambia mamangu aje aone. Siku tatu. Leo imeganda mara saba nimehesabu.

Mwisho wa mwezi ni tarehe 30 Juni, watu watajaa na ritani zao za kodi kama kawaida yetu ya kungoja siku ya mwisho. Nifanye nini?

simba_wa_kisauni

Vairasi hiyo. Saiba na flashi za kila mtu, ulitarajia nini?

kijana_buxton

Peleka RAM ifike 16. Mwisho wa habari.

BintiTononoka

@kijana_buxton kakangu, RAM nshaongeza, soma uzi. @simba ilifomatiwa, ikaganda siku hiyo hiyo kabla sijachomeka flashi ya mtu yeyote.

mtu_wa_mtwapa

Si intaneti hiyo? Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika hata mimi laptopu yangu ilikuwa kama imepooza.

mwanachuo_tudor

@mtu_wa_mtwapa hapana, na hili watu hulichanganya sana. Intaneti ikikwama, kurasa hazifunguki, lakini Word itaandika, folda zitafunguka, kikokotoo kitapiga hesabu. Yeye anasema mashine nzima inasimama. Hata ungemvutia waya mzima unaotua hapa Mombasa ukauchomeka kwenye laptopu yake, ingeganda vilevile.

Dada, kabla ya mtu mwingine kukuuzia kitu, nijibu kwanza. Fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uiache wazi pembeni siku nzima unapofanya kazi. Ikiganda na kurudi, tazama haraka ule ukurasa wa Performance. Nataka mambo manne: prosesa, yaani ubongo wa mashine, iko asilimia ngapi, RAM asilimia ngapi, diski asilimia ngapi, na la muhimu kuliko yote, diski inasoma na kuandika kwa kasi gani wakati huo.

Nakuuliza hivyo kwa sababu kuganda kuna sura nyingi. RAM ikijaa hadi tisini na kitu na diski ikiwa mbioni, basi RAM kweli haitoshi, mashine inatumia diski kama RAM ya kuazima. Prosesa ikiwa juu huku mwendo wake umeshuka chini ya kawaida, ni joto, imejipunguza yenyewe isiungue. Diski ikiwa 100% na inasoma MB nyingi kwa sekunde, kuna programu inaitafuna: sasisho la Windows, au antivairasi mbili zilizowekwa pamoja zinapigana. Lakini diski ikiwa 100% na kasi ni sifuri, hapo ni habari nyingine kabisa.

BintiTononoka, Jumatatu saa 6 mchana

Haya mwanangu, nimeiacha wazi tangu asubuhi. Imeganda mara mbili. Mara zote prosesa 6%, RAM 47%, diski 100%. Na kasi imeandikwa 0 KB/s. Sifuri! Yaani imejaa kazi lakini haifanyi kazi.

simba_wa_kisauni

Kama ofisi fulani tunazozijua 😂

mwanachuo_tudor

😂 Ndiyo sura yenyewe. 100% haimaanishi diski inabeba mzigo mkubwa, maana yake ni kwamba muda wote huo kuna ombi linasubiri jibu. Windows imeuliza, diski haijajibu. Mshale unakwenda kwa sababu mshale hauhitaji diski. Kila kinachohitaji faili kinapanga foleni.

RAM yako basi haina hatia. Pole kwa zile pesa.

kijana_buxton

Basi SSD ni feki. Siku hizi zimejaa, unauziwa 256 ndani ni kadi ya memori ya simu imegundishwa.

BintiTononoka

Lakini ile ya zamani nayo ilikuwa inafanya vivi hivi! Hiyo ilikuja na laptopu. Nayo ilikuwa feki?

fundi_marikiti, Jumatatu saa 2 usiku

Nimesoma uzi wote toka juu. Huyu bibi ameshatupa jibu mwenyewe bila kujua, tena katika maneno yake ya kwanza.

Tazameni tena. Mara ya kwanza laptopu ilifunguliwa mfuniko, RAM ikawekwa, ikapona siku mbili. Mara ya pili ilifomatiwa tu, haikufunguliwa, haikupona hata saa moja. Mara ya tatu ilifunguliwa tena, ikapona siku tatu. Kilichokuwa kinaiponya si RAM wala si SSD. Ni mkono wa fundi ulioingia ndani ukagusa kitu.

Na diski mbili tofauti, moja ya kuzunguka na moja SSD, zikiugua ugonjwa mmoja mahali pamoja, mimi siulizi diski tena. Nauliza njia, yaani kebo, inayopita kati ya diski na ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani. Nyumba mbili kwenye mtaa mmoja zikikosa maji, huchimbi visima viwili.

Mamangu, fanya hivi. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure. Ukiifungua utaona orodha yenye herufi na namba. Nataka mstari wa 05, wa C5 na wa C7, ile safu ya mwisho kulia. Namba zake huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo ukiona herufi zimeingia katikati ya tarakimu usishtuke. Niandikie leo, kisha kesho jioni tena.

MwalimuMstaafu

Samahani kuwaingilia. Kipakatalishi changu nacho kinaenda polepole mno, hasa alasiri. Asubuhi hakina neno. Nacho ni kebo?

simba_wa_kisauni

Kipakatalishi 😂 Mwalimu shikamoo, umenirudisha darasa la nane.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Ungelisikiliza darasani ungelijua pia kuandika vairasi si jibu la kila swali.

mwanachuo_tudor

🔥🔥 Mwalimu shikamoo. Chako chaenda polepole au chasimama kabisa? Na huwa unakiweka wapi?

MwalimuMstaafu

Marahaba. Chaenda polepole, hakisimami. Huwa nakiweka kitandani juu ya mto, mgongo unaniuma nikikaa mezani. Feni yake yanguruma kama ndege inayotua uwanja wa Moi.

mwanachuo_tudor

Hapo ni joto, Mwalimu, tena la wazi. Tundu la hewa liko chini, umeliziba na mto, na hewa yenyewe ya hapa alasiri tayari ni moto. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajipunguza mwendo, ndiyo maana asubuhi iko sawa. Iweke juu ya kitu kigumu, hata sinia la chai lililopinduliwa, kisha mtu aifungue apulize vumbi na abadilishe pesti ya prosesa, ile ya zamani huwa imekauka kama chokaa. Na unatumia Windows gani?

MwalimuMstaafu

Kumi. Sinia limefanya kazi! Kelele imepungua papo hapo.

mwanachuo_tudor

Alhamdulillah. Ila hiyo kumi, Microsoft waliacha kuipa masasisho ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Haitazimika, lakini usiingilie benki kwayo. Tutazungumza pembeni, tusimwibie dada uzi wake.

BintiTononoka, Jumatatu saa 5 usiku

Fundi: mstari wa 05 ni sifuri tupu. C5 sifuri tupu. C7 sifuri nyingi halafu mwisho 1A4.

fundi_marikiti

Vizuri sana. Kwa lugha ya kwetu: 05 na C5 ndizo zinazohesabu sehemu za diski zilizooza. Sifuri, sifuri. SSD yako ni nzima. C7 inahesabu mara ambazo data ilisafiri kati ya diski na ubao ikafika imeharibika, ikabidi irudiwe. 1A4 ni 420 kwa hesabu yetu. Kwa SSD yenye wiki moja! Namba hii haishuki kamwe, hata ukitengeneza haitarudi sifuri. Tunachotaka kujua ni kama bado yapanda.

BintiTononoka, Jumanne saa 12 jioni

1D9 😭

fundi_marikiti

473. Makosa 53 kwa siku moja. Basi tumeshamkamata, ni kebo au kichwa chake.

mwanachuo_tudor

Kabla hajafungua, kuna njia ya kuhakikisha bila bisibisi. Dada, kama una flashi ya GB 8 weka Ubuntu ya kujaribia, mfumo mwingine badala ya Windows, uwashe laptopu kutoka kwenye flashi yenyewe, uchague kujaribu, USICHAGUE kuinstoli. Fungua kivinjari, cheza video, andika andika, saa nzima. Hapo diski ya ndani haitumiki kabisa. Isipoganda, basi prosesa, RAM, skrini na ubao vyote viko sawa, na ugonjwa umebaki kwenye ule upande wa diski peke yake.

BintiTononoka, Jumatano saa 4 asubuhi

Nimekaa na Ubuntu saa moja na nusu tangu nifungue duka. Haikuganda HATA MARA MOJA. Nimesikiliza taarab mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi gani.

Sasa nina swali jingine na naona haya kuuliza. Ile diski ya zamani alibaki nayo fundi. Aliniambia imekufa, ataitupa. Sikufikiri. Kumbe ilikuwa nzima?

mwanachuo_tudor

Dada. DADA. Ilikuwa na nini?

BintiTononoka

Kila kitu. Nakala za vitambulisho vya wateja, vyeti vya kuzaliwa, CV, namba za siri za KRA, wale wa kodi, ambazo watu huniachia kwenye kidaftari cha Word.

fundi_marikiti

Kaichukue leo. Usingoje kesho, funga duka saa moja uende. Usigombane naye, sema tu "naomba diski yangu, nimelipia mpya, ya zamani ni yangu". Mimi huwarudishia wateja diski zao ndani ya bahasha hata kama imevunjika vipande, kwa sababu diski "iliyokufa" mara nyingi yasomeka vizuri tu kwenye mashine nyingine. Na nyinyi wa saiba jueni, tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na vitambulisho vya watu ni amana. Hizo namba za siri zifute kwenye Word, mwambie kila mteja azibadilishe.

Sisemi fundi mwenzangu ni mwizi. Huenda kweli aliona 100% akadhani diski. Lakini hakupima.

kijana_buxton

Mimi nilisema SSD feki, nafuta kauli.

BintiTononoka, Jumatano saa 11 jioni

Nimeipata! Ilikuwa kwenye katoni chini ya meza pamoja na diski zingine kama thelathini, hata jina haina. Nimeitambua kwa karatasi ya duka nililonunua laptopu. Thelathini, fikirini, kila moja na vitambulisho vya watu. Sikupenda.

fundi_marikiti

Alhamdulillah. Inunulie kasha la USB, itakuwa diski yako ya nakala.

Sasa kufungua. Kama mkono wako hautetemeki unaweza mwenyewe, la sivyo nitafute Marikiti, uliza wauza betri watakuonyesha. Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaja. Ukishatoa mfuniko, kitu cha kwanza ni kuchomoa kichwa cha betri ya ndani, kabla hujagusa kingine chochote. Skrubu zipange juu ya karatasi kwa mpangilio wa mashimo yake, nyingine ni fupi nyingine ndefu, na ndefu ikiingia shimo la fupi inatoboa ubao. Kisha fuata SSD. Utaona kebo bapa kama utepe inatoka kwayo kwenda kwenye ubao. Nipigie picha vichwa vyote viwili.

BintiTononoka, Alhamisi saa 3 usiku

Picha nimeweka. Ndugu yangu mdogo alishika tochi. Ona hapo upande wa ubao, kwenye vile vimeno: kuna rangi ya kijani. Nilidhani ni rangi yake!

fundi_marikiti

Hiyo ni kutu ya shaba. Rangi yake ya haki ni dhahabu. Saiba yako iko wapi hasa, na hii laptopu hulala wapi?

BintiTononoka

Meza iko dirishani, dirisha la vyuma halina kioo. Usiku naifunika kwa leso naiacha pale pale.

fundi_marikiti

Basi ndiyo sababu. Mji huu umezungukwa na maji ya chumvi pande zote. Kusi likivuma linabeba unyevu na chumvi, usiku vyuma vinapoa, vile vitone vinakaa kwenye vimeno vidogo kama unywele. Chumvi na maji na shaba, taratibu taratibu yafanya utando wa kijani. Umeme unapita leo, kesho wakatika katika. Fundi akigusa, utando unakwaruzwa, inapona siku mbili. Nimeona hizi nyingi, hasa za watu wa Mji wa Kale na Likoni karibu na maji.

Safisha kwa spiriti ya asilimia 99, si ile ya hospitali ya 70 yenye maji mengi, na mswaki mpya laini. Acha ikauke nusu saa. Rudisha kebo mpaka uhisi imekaa.

simba_wa_kisauni

Kumbe vairasi ni bahari.

BintiTononoka, Ijumaa saa 2 usiku

Nimesafisha. Siku nzima haijaganda. C7 imesimama 1E0. Siamini.

BintiTononoka, Jumatatu saa 5 asubuhi

Nimeanza kusherehekea mapema. Imeganda mara moja jana, leo mara mbili. C7 ni 1EB.

fundi_marikiti

Nilihofia hilo, picha yako ilionyesha vimeno viwili vimeliwa. Ukisafisha kutu unaondoa kutu, hurudishi shaba iliyokwisha. Lazima kebo mpya. Geuza laptopu utazame modeli, tena tazama namba iliyochapwa kwenye utepe wenyewe, uagize kwa namba hiyo. Usikubali "hii itaingia". Kebo za laptopu mbili zinazofanana kama mapacha huwa hazilingani.

BintiTononoka, Alhamisi saa 1 usiku

Kebo imekuja na basi kutoka Nairobi asubuhi. Nimeifunga mwenyewe, safari hii bila tochi ya mtu. Bei yake pamoja na usafiri haifiki hata nusu ya bei ya RAM niliyoongezewa bila faida.

mtu_wa_mtwapa

Na usiku sasa yalala wapi?

BintiTononoka

Ndani ya bati la biskuti lenye mfuniko, na vile vipakiti vya kwenye viatu vipya vilivyoandikwa usile. Fundi ndiye kaniambia. Mamangu keshafungua mara mbili akitafuta biskuti.

fundi_marikiti

😂 Ihakikishe imepoa kabla ya kuifungia humo. Na kwa wale wa ofisi zenye AC: ukitoka na laptopu baridi hadi nje kwenye joto letu, usiiwashe hapo hapo kwenye matatu. Inatoka jasho ndani kama gilasi ya maji baridi. Ingoje ipate joto la mahali.

MwalimuMstaafu

Sinia langu limetakiwa jikoni. Mnauza wapi vile vibao vyenye feni?

BintiTononoka, tarehe 30 Juni, saa 6 usiku

Mwalimu shikamoo, njoo Majengo kesho, nina kimoja sikitumii.

Ndiyo kwanza nafunga. Foleni ilikuwa mpaka kwa muuza mbaazi. Ritani za watu tangu saa moja asubuhi, printa imekula rimu mbili, mtandao ndio ulisumbua kidogo saa za mwisho. Laptopu haikusimama hata sekunde. C7 ni 1EB, vile vile ilivyokuwa kabla ya kebo. Nimeitazama mara nne leo, wateja wakadhani nasoma matokeo ya mpira.